Kioo cha nyuma cha baiskeli: cha usukani, cha pikipiki au cha kwenye miwani?

Kioo changu cha kwanza hakikuvunjwa na lori wala bajaji. Kilivunjwa na fundi pancha pale Uyole, hapa Mbeya, kijana mpole kabisa, aliyefanya kile ambacho mafundi wote hufanya: aliikamata baiskeli, akaipindua matairi juu, akaisimamisha kwa siti na usukani. Nikasikia "kacha". "Aisee mwalimu, nisamehe, sikukiona," akasema, na kweli hakukiona, maana kilikuwa upande wa pili. Elfu nane yangu ilikuwa imedumu siku kumi na moja.

Tangu siku hiyo nimepitia aina nne za vioo kwenye njia ileile, Igawilo kwenda Mwanjelwa asubuhi na kurudi jioni, na Jumamosi chache kwenye lami ya kwenda Tukuyu. Nina pia shemeji yangu Mafinga, anayebeba mkaa kwa baiskeli ya Phoenix, ambaye haamini hata kimoja cha vioo ninavyovisifu. Kila tukikutana tunabishana, na sehemu kubwa ya haya ni mabishano yetu. Jambo ambalo hatimaye tumekubaliana ni moja: ukienda dukani usianze na kioo kilivyo kizuri. Anza na mahali kitakapokaa.

Lakini kwanza nimjibu anayeuliza kioo cha nini wakati una shingo. Shingo ninayo. Tabu yake ni kwamba ukiigeuza kulia bega linafuata, na bega likifuata usukani nao unavuta kulia, yaani unaingia kwenye njia ya gari lilelile ulilotaka kuliangalia. Fanya hesabu kidogo. Lori lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Wewe na kilomita zako 20 unakula mita tano na nusu. Likiwa mita 100 nyuma yako, lina sekunde sita tu za kukufikia. Geuza shingo, rudisha macho mbele, kwepa shimo lililojitokeza wakati huangalii, na sekunde mbili au tatu zimekwenda. Kwenye mteremko ni mbaya zaidi kwa sababu upepo umejaa masikioni na Coaster huisikii mpaka ikupigie honi mgongoni. Kioo hakifuti kazi ya shingo. Kabla ya kukata kulia bado utageuka mara moja, kwa kuwa bodaboda anaweza kuwa amejibana mahali ambapo kioo chochote hakifiki. Ila utageuka ukiwa tayari unajua kilichopo nyuma.

Jambo la pili la awali, na watu wengi hulisahau: sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kioo kinakaa kulia. Vioo vingi vya baiskeli vinavyoletwa, hasa vinavyokuja na baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, vilitengenezwa kwa wanaoendesha kulia, kwa hiyo mkono wake umepindwa kwa ajili ya kushoto. Cha mviringo chenye kifundo kinachozunguka kitakubali kuhamishwa. Chenye umbo kama jani kinaweza kugoma, ukajikuta unaangalia mawingu ya mlima Loleza badala ya barabara. Kifunge kwenye baiskeli yako palepale dukani kabla hujatoa hela.

Cha kufunga juu ya usukani

Hiki ndicho utakachokikuta kwa wauza spea wengi Mwanjelwa: kioo cha duara au cha mstatili, mkono mfupi wa plastiki au chuma, na klampu ya kuzungushia bomba la usukani. Ni rahisi kufunga na hujifunzi chochote, kwani unakiangalia kama dereva anavyoangalia saidi mira. Ukipanda baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele na usukani ulionyooka, kitakaa vizuri.

Kasoro yake ya kwanza ni kiwiko chako mwenyewe. Kikifungwa karibu sana na katikati ya usukani, nusu ya unachokiona ni mkono wa koti, na kwa baridi ya Julai huku kwetu koti si jembamba. Kisogeze nje kadiri raba ya mpini inavyoruhusu. Kasoro ya pili ni mtetemo. Mkono ukiwa mrefu na mwembamba, kila kokoto unaikuta juu ya kioo, gari linakuwa ukungu wenye taa mbili. Kwenye lami haina shida. Kwenye vumbi la ndani ya Igawilo ni kama kuangalia runinga yenye chenga. Nilichofanya ni kukata kipande cha tyubu kuukuu, nikakizungushia bomba kabla ya kukaza klampu. Mtetemo ulipungua na kioo kikaacha kuzunguka chenyewe.

Kwa Phoenix kuna tatizo la nafasi. Zile fito za breki zinazopita chini ya usukani zimekula sehemu kubwa, na klampu pana haipati pa kushika. Chukua yenye klampu nyembamba, na baada ya kukaza hakikisha breki inavutika mpaka mwisho bila kugusa kitu.

Na fundi pancha. Kioo hiki ndicho kinachokufa akipindua baiskeli. Siku hizi nafika kwa fundi nikiwa nimeshakilegeza na kukizungusha kitazame chini, ili baiskeli ikipinduliwa kiangalie juu.

Cha kuchomeka mwisho wa usukani

Kinafanana kazi na cha kwanza, ila kinaingia ndani ya tundu la bomba kule mwisho, kisha ukikaza skrubu raba yake inatanuka na kushika. Itabidi ukate kifuniko cha mwisho cha raba ya mpini, kazi ya wembe na dakika moja. Pima tundu kabla, kwani mabomba hayafanani kwa ndani na kigingi kisichobana kitakuachia kioo mkononi njiani.

Mimi nakipenda hiki kuliko cha juu kwa sababu mbili. Mkono wake ni mfupi sana, kwa hiyo kinatetemeka kidogo. Na kiko nje kabisa ya kiwiko, hata nikivaa koti la mvua bado naona barabara tupu. Lakini kinaifanya baiskeli iwe pana, na sehemu pana ndiyo inayogongwa. Kwenye msongamano wa bajaji pale Kabwe nimeshagonga pembe ya bajaji mara mbili. Mara moja dereva akakikunja kioo changu kwa upole kabisa, kama anayemfunga mtoto vifungo, akasema, "Kaka, punguza mabawa." Ukinunua, chukua kinachokunjika kikigongwa badala ya kuvunjika.

Wenye baiskeli za mashindano, zile za usukani uliopinda chini, wengi hawana chaguo jingine la usukani zaidi ya hiki. Kwao kinakaa chini kabisa kwenye ncha ya pembe. Unakiona ukiwa umeinama, ila ukikaa wima ukaiweka mikono juu, inabidi ushushe macho mbali na barabara. Kwa waendeshaji hao ningesema ruka moja kwa moja hadi sehemu ya miwani.

Cha pikipiki

Sasa nifike kwa shemeji. Yeye anabeba magunia ya mkaa, mawili, wakati mwingine na la tatu juu. Mzigo umekuwa mpana kuliko mabega yake na mrefu kuliko kichwa chake. Nilipompelekea kile kioo changu kizuri cha mwisho wa usukani, alikifunga, akakaa, akatazama, akaniambia: "Shemeji, naona gunia. Gunia nalijua, nimelifunga mwenyewe."

Alikuwa sahihi, na ndipo nilipobadilisha mawazo yangu yote. Mzigo wako ndio unaoamua. Kwa mtu wa mkaa, viazi vya lumbesa au madumu ya maziwa, kioo kinachofaa ni kile kinachotoka nje zaidi ya mzigo, na hicho ni cha pikipiki, chenye fimbo ndefu. Uzuri ni kwamba spea zake zimejaa kila kona kuliko za baiskeli, na kikivunjika unapata kingine hata Mafinga saa kumi na mbili jioni. Uzuri mwingine ni kipimo: bomba la usukani wa pikipiki nyingi, pale pa kushikia, ni milimita 22, na la baiskeli za kawaida ni hivyohivyo. Kwa hiyo kile kishikio cha klampu kinachouzwa kwa ajili ya pikipiki kinakubali kwenye baiskeli bila kuchomelea kitu. Fimbo yenyewe mara nyingi ina nati ya milimita 8 au 10, basi nenda na kishikio mkononi ulinganishe. Tahadhari moja: baadhi ya vioo vya kulia vya Yamaha vinafungwa kinyume, kushoto ndiko kukaza. Kikigoma usikilazimishe, utaua nyuzi zake.

Ubaya wake ni uzito. Fimbo ndefu na kichwa kizito kwenye barabara ya vumbi hucheza kama kichwa cha mjusi, na nati ya kufungia isipokazwa vizuri, kioo kinageuka kikakuonyesha uso wako. Shemeji anakaza kila asubuhi kabla ya kufunga magunia. Nilimuuliza kama haoni kero. Akanijibu kuwa upepo wa tairi anaupima kila asubuhi na hajawahi kuuita kero.

Alinunua viwili, kulia na kushoto, kwa sababu vinauzwa pacha. Nilidhani cha kushoto ni urembo. Kumbe akiwa na mzigo anakitumia kuangalia kama gunia limeanza kuinama.

Cha helmeti na cha miwani

Hapa ndipo watu hucheka. Kioo kidogo, sentimita mbili na nusu hivi, kinaning'inia mbele ya jicho la kulia kwa waya uliobanwa kwenye mkono wa miwani au ukingo wa helmeti. Huku kwetu wavaa helmeti za baiskeli ni wachache, kwa hiyo nitazungumzia cha miwani. Wamarekani wanacho kimoja maarufu kiitwacho Take-A-Look. Mimi nilianza na cha kutengeneza mwenyewe kwa spoku iliyokatika na kipande cha kioo cha plastiki, nikakibana kwenye miwani ya vumbi ya fundi seremala. Kioo cha kawaida usithubutu. Ukianguka, kitu kilicho karibu na jicho kuliko vyote hakipaswi kuwa kitu kinachokata.

Kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu ya hesabu hii. Chukua kioo bapa cha usukani chenye upana wa sentimita 7, kilicho sentimita 70 kutoka machoni. Nyuma yako umbali wa mita 50 kinakuonyesha ukanda wa takriban mita 5, yaani njia moja na kidogo. Sasa chukua hicho cha sentimita mbili na nusu, kilicho sentimita 8 tu kutoka kwenye jicho. Umbali uleule kinakuonyesha zaidi ya mita 15. Kidogo kinaona mara tatu ya kikubwa. Zaidi ya hapo, ukitikisa kichwa kidogo tu unafagia barabara nzima, bega hadi bega, na hakitetemeki kwa kuwa shingo yako ni springi bora kuliko klampu yoyote. Baiskeli ikipinduliwa kwa fundi, kioo kimebaki usoni. Ukiiegesha sokoni, hakuna wa kukifungua akaondoka nacho, na hilo la kuibiwa limenipata mara moja pale Kabwe.

Swali ninaloulizwa na wazee: "Mimi gazeti silioni bila miwani ya kusomea, hicho kitu cha karibu nitakionaje?" Utakiona vizuri. Taswira kwenye kioo bapa haiko juu ya kioo, iko mbali ndani yake, kama vile gari lenyewe lilivyo mbali. Jicho linaloona mbali vizuri litaliona. Mwenye shida ni yule asiyeona mbali, naye ni lazima kioo kikae kwenye miwani yake ya daktari.

Kasoro zipo. Wiki mbili za mwanzo utakuwa kama mlevi: jicho moja linaona mbele, lingine nyuma, na kichwa hakijui kiamini lipi. Jifunzie uwanjani. Nilipoanza nilitazama kioo kwa muda mrefu mno pale karibu na Nsalaga, nikapanda ukingo wa mtaro, nikaangukia majani. Hakuna aliyenigonga, ila mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya maparachichi alinipa pole ndefu kuliko tukio lenyewe. Kasoro nyingine ni msimu wa baridi. Kofia ya mzula ikishuka hadi masikioni, au kofia ya koti ikiwa kichwani, kinafunikwa au kinageuzwa. Na mzigo mrefu, kama wa shemeji, unakiziba kabisa.

Kuna pia vioo vya kufunga kwenye kifundo cha mkono kama saa. Nimejaribu cha mwenzangu kwa siku moja. Kila unapotaka kutazama lazima uachie mpini ama uuinue mkono, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tunalikimbia. Na wapo watakaokuambia ununue rada, ile Garmin Varia inayofungwa chini ya siti na kukupigia mlio kupitia simu gari likiwa hadi mita 140 nyuma. Ni kitu cha kweli na kinafanya kazi kwenye barabara tupu. Kwenye foleni ya Mwanjelwa kitalia kama kifaranga aliyepotea mama, na bei yake inanunua baiskeli nyingine.

Bapa au mbinuko

Ukishaamua mahali, ndipo uangalie kioo chenyewe. Kioo bapa kinakuonyesha gari kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo unajua liko umbali gani, ila ukanda ni mwembamba. Kioo mbinuko kinakusanya barabara nzima, ila kinafinya kila kitu: lori lililo jirani linaonekana kama liko mbali kule Inyala. Kwa kioo cha usukani mimi nachukua mbinuko wa wastani, kwa sababu kioo bapa kidogo kilicho mbali na jicho hakionyeshi kitu cha maana. Kisha najizoeza kuamini kwamba kila kitu humo kiko karibu kuliko kinavyoonekana. Kwa cha miwani ni bapa tu, bila mjadala, kwa sababu upana tayari unao.

Maboksi hayasemi kilichomo, na muuzaji mara nyingi hajui. Kuna kipimo cha sekunde tano. Weka ukingo wa kitambulisho juu ya kioo. Kama umelala wote bila kuacha mwanga chini, ni bapa. Kama unabembea huku na huku, ni mbinuko, na kadiri unavyobembea ndivyo kinavyofinya. Nilikuwa nafanya hivyo kwenye kibanda kimoja Mwanjelwa na kadi yangu ya NIDA, dada muuzaji akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi hata kioo kinasajiliwa kwa kitambulisho?" Baada ya kadi, kiangalizie fremu ya mlango. Mistari ikiwa na mawimbi kama bati kuukuu, hicho ni plastiki iliyobandikwa karatasi ya kung'aa, na ndani ya miezi michache ya vumbi na vitambaa kitakuwa kimefifia.

Mambo mawili ya huku juu. La kwanza ni jua. Anayetoka Uyole kwenda mjini asubuhi analipa jua mgongo, na jua linaingia kwenye kioo moja kwa moja hadi machoni. Jioni akirudi linazama nyuma yake, mchezo ni uleule. Kioo cha usukani utakiinamisha kidogo kwa kidole, ukirudishe baadaye. Cha miwani unageuza kichwa nyuzi chache na umelikwepa, na hiyo ni alama nyingine kwake. La pili ni mvua na ukungu wa njia ya Tukuyu. Matone kwenye kioo kidogo cha miwani yanakiua papo hapo, wakati cha pikipiki kitabaki na sehemu safi ya kutosha. Sabuni kavu ya kipande, ukiisugua juu ya kioo na kuifuta kwa kitambaa kikavu, huzuia mvuke kuganda kwa safari moja au mbili. Kwa mvua ya Rungwe yenyewe sijapata dawa.

Kwa hiyo ukiniuliza leo: mbeba mzigo achukue cha pikipiki, vyote viwili. Anayekwenda kazini kwa baiskeli ya kawaida kwenye lami, na hataki kujifunza kitu kipya, achukue mbinuko wa mwisho wa usukani unaokunjika. Mwenye safari ndefu za Jumamosi, mwenye subira ya wiki mbili na asiyejali kuchekwa, cha miwani. Kile cha juu ya usukani cha elfu nane ningempa mtoto wa shule, kwa sababu atakivunja chochote utakachompa.

Baiskeli yangu kwa sasa ina cha mwisho wa usukani kulia, na kwenye mfuko wa shati kuna miwani ya seremala yenye spoku yake. Mvua ikinyesha naivua. Shemeji aliijaribu Krismasi iliyopita, akazunguka nayo uwanjani bila mzigo, akarudi kimya. Kisha akaniuliza kama nina spoku nyingine.